Chai ya Kukuweka Sawa

Mama mkwe alikuwa haondoki mpaka kikombe kiishe. Aliketi ng'ambo ya meza, mikono juu ya mapaja, akimtazama mke wa mwanawe akinywa, kama mtu anayemsimamia fundi bomba: ana subira, lakini hasogei. Chai yenyewe ilikuwa nyeusi na nzito, ya nafaka zilizokaangwa mpaka zikakaribia kuungua, kisha zikachemshwa pamoja na majani na mizizi aliyonunua kwa mwanamke mmoja wa sokoni. Ilikuwa chungu, ya kukunja uso.

"Maliza na machicha yake," mama alisema. "Nguvu imekaa chini."

"Imebaki kidogo tu, mama."

"Hicho kidogo ndicho chenyewe."

Basi akafumba macho, akamaliza. Mama akachukua kikombe, akachungulia ndani kuhakikisha, ndipo akainuka kwenda jikoni, akiimba kwa chini.

Huyu mke wa mwana alikuwa fundi miwani. Kazini walimwita Kioo, na jina likamganda hata mume wake akalichukua. Alishinda kwenye chumba cha nyuma cha duka: anatia nukta katikati ya lenzi, anaibana kwenye mashine, anaisaga ukingo huku maji yakimrukia mikononi, mpaka ikae kwenye fremu bila kucheza. Alikuwa na mkono uliotulia. Mteja akija analalamika kwamba miwani inamuuma masikioni, Kioo aliichovya fremu kwenye mchanga wa moto ilainike, akaikunja kidogo, akaipuliza, na mteja akaondoka akidhani amepewa mpya.

Alikuwa pia na kifafa. Kilimwanza akiwa msichana wa shule, kikamtesa, kisha hospitali ikampatia vidonge vilivyomfaa, na kwa miaka mingi hakuwa ameanguka hata mara moja. Mume wake alijua. Kabla ya ndoa Kioo alimweleza yote, wameketi kwenye ngazi za jengo ambalo mwanamume huyo, fundi lifti kwa kazi yake, alikuwa akilifanyia matengenezo. Alimsikiliza mpaka mwisho, akapangusa grisi vidoleni, akasema, "Basi? Mimi nakoroma."

Kioo alimpenda zaidi kwa jibu lile. Lakini kabla hawajainuka, fundi lifti aliongeza, "Ila mama tusimwambie. Sio sasa. Ana moyo mwepesi."

Ile "sio sasa" ikawa ndefu. Harusi ikapita, wakahamia kwa mama, ghorofa ya juu, vyumba viwili na ukuta mwembamba ambao mtu akipiga chafya upande huu, wa upande wa pili anamwambia afya. Vidonge vilikaa kwenye kasha la miwani ndani ya mkoba wa Kioo, katikati ya makasha mengine. Nani angeshangaa kuona kasha la miwani kwa fundi miwani? Kila asubuhi alijifungia bafuni, akafungua bomba ili maji yapige kelele, akameza kidonge kwa maji ya kiganja.

Mwaka wa pili wa ndoa, mambo mawili yakaja kwa pamoja.

La kwanza lilikuwa komeo la bafuni. Kioo alirudi kazini akalikuta limeng'olewa, mlango umebaki na matundu ya misumari. "Lilikuwa limeota kutu," mama alisema, na hakusema lini atatia jingine. Tangu siku hiyo, Kioo akikaa bafuni kidogo tu, sauti inakuja kutoka ukumbini: "Upo, mwanangu?" Akawa anameza kidonge ameegemeza mgongo mlangoni, kama mwizi wa kuku.

La pili lilikuwa chai. Mama alitokea na birika, akamimina, akasema, "Hii itakuweka sawa."

"Sawa kwa nini, mama?"

"Kwa kila kitu."

Kioo na mume wake wakatupiana jicho. Mtoto alikuwa hajapatikana, na majirani walikuwa wameshaanza kuuliza kwa mafumbo. Wote wawili wakaona wameelewa. Kukataa chai kungekuwa sawa na kusema hataki kuzaa. Kueleza sababu ya kukataa kungekuwa kumwaga siri yote mezani. Kwa hiyo Kioo alishika kikombe kwa mikono miwili, akasema ahsante, akanywa.

Wiki chache hazikupita, harufu ya kitambaa kinachoungua ikaanza kumjia, harufu ambayo watu wengine hawakuisikia. Alikuwa akiijua ile harufu. Aliisikia zamani, shuleni, kabla ya kuanguka. Akajiambia ni mashine imepata moto, akazima, akawasha. Siku moja aliweka lenzi, akakanyaga pedali, halafu akasikia bosi anamwita kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuita mara nyingi. Maji yalikuwa yakiruka, mashine inanguruma, na lenzi ya mteja ilikuwa imesagwa mpaka ikabaki kiduara kidogo kama kifungo cha shati.

Bosi, mwanamume mnene aliyevaa miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, aliichukua lenzi akaielekeza kwenye taa. "Hii unampelekea nani? Kuku?"

Wenzake wakacheka. Kioo naye akacheka. Alitazama jiwe la kusagia linavyozunguka, na pahali vidole vyake vilipokuwa.

Alikwenda kliniki bila kumwambia mtu. Daktari wake alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mazoea ya kuvua viatu chini ya meza. Alimtoa damu, akamwambia arudi, na aliporudi, daktari alikuwa ameinamia majibu akiyakunjia uso.

"Unameza dawa kila siku?"

"Kila siku."

"Huruki?"

"Sijawahi kuruka, daktari."

"Basi dawa inakwenda wapi? Maana kwenye damu ipo kiduchu." Akaweka karatasi chini. "Kuna kitu kingine unakula au kunywa? Dawa nyingine? Mitishamba?"

"Chai tu."

"Chai ya nini?"

Kioo alitazama viatu vitupu vya daktari. Alijua kwamba akishafungua mdomo hapa, hataweza tena kujidanganya kule nyumbani. Akamweleza: nafaka, majani, mizizi, kikombe kila asubuhi, na machicha yake.

"Majani gani?"

"Sijui. Hata mama sidhani kama anayajua yote. Anauziwa yamechanganywa."

"Hapo ndipo penye shida," daktari alisema. "Sikatai kwamba mtishamba unaweza kuwa dawa. Ndiyo maana naogopa. Kama una nguvu ya kutibu, una nguvu ya kugombana na dawa nyingine. Kuna majani yanayolihimiza ini liiondoe dawa mwilini haraka kabla haijafanya kazi. Kuna mengine yanaweza kuuchokoza ugonjwa wenyewe. Hii yako siwezi kujua ni ipi, kwa sababu sijui kilichomo. Iache. Kidonge usikiache. Na mpaka tupime tena tuone umetulia, usikae kwenye mashine inayokata."

"Ndiyo, daktari."

"Na huyo mama umwambie."

"Ndiyo, daktari," Kioo alisema, kwa sauti ya mtu aliyeagizwa akaulete mwezi.

Jioni ile, jua likiwa bado lipo, alimvuta mume wake juu ya paa walikoanika nguo, mahali pekee ambapo ukuta haukuwa na masikio. Akamweleza kila kitu. Fundi lifti alisimama katikati ya mashuka, akikuna shingo.

"Tuvute subira kidogo," alisema. "Presha yake imepanda juzi. Nikimwambia sasa hivi kwamba tumemficha muda wote huu..."

"Tumemficha? Ni wewe uliyesema tumfiche."

"Najua."

"Mimi ndiye ninayekunywa."

"Si unaweza kuwa unamwaga?"

Kioo alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Njoo ukae pale mezani umwage wewe, mama yako akiwa amekukodolea macho. Watu usiowajua wakikwama kwenye lifti unaacha chakula mezani, unakimbia kuwatoa. Mimi nimekwama kwako mwaka mzima, unaniambia nivute subira."

Maneno yalimchoma mume wake. Aliahidi kwamba ataongea, tena kesho yake, wakati wa chakula. Kesho ikafika, akaketi, akakohoa kusafisha koo, akasema, "Mama, kuna jambo." Mama akaweka kijiko chini. Fundi lifti akamtazama mama yake, akatazama sahani, akaanza kueleza habari za nyaya za lifti, namna zinavyochakaa kwa ndani bila mtu kuona, akaeleza mpaka chakula kikapoa. Kioo alisaga meno.

Ikabidi ajitafutie njia mwenyewe, na kila njia ikawa na ukuta mwishoni. Alisema atakwenda na chai kazini kwenye chupa. Mama akasema ikichukuliwa mbali inapoteza nguvu. Siku mama alipoitwa mlangoni na jirani, Kioo aliimwaga kwenye sinki haraka haraka. Mama aliporudi alisimama jikoni, akanusa, akafungua bomba likapita maji, na tangu hapo jirani akija anaambiwa asubiri. Kioo akasema chai inamuumiza tumbo. Mama akamwonea huruma kwelikweli, akampikia nyingine nyepesi ya jioni, ya kutuliza tumbo. Vikawa vikombe viwili.

Kazini nako vivyo hivyo. Alimwambia bosi kwamba macho yanamsumbua, angeomba akae mbele na wateja kwa muda. Kumwambia muuza miwani kwamba macho yanakusumbua! Bosi alimkalisha kwenye kiti, akampima mwenyewe kwa furaha, herufi kubwa na ndogo, akamwinua. "Una macho ya tai. Rudi mashineni." Kumwambia ukweli aliogopa. Nani angemwachia tena fundi mwenye kifafa chumba chenye jiwe linalozunguka? Akarudi, akawa anafanya kazi polepole, anazima mashine kila akisikia harufu, anakaa ameshika ukingo wa meza mpaka ipite. Kazi zikaanza kulundikana. Bosi akaacha utani.

Akawa mtu wa kuzunguka kati ya macho mawili, ya mama asubuhi na ya bosi mchana, na pale katikati, barabarani, akihofia miguu yake mwenyewe. Alikonda. Majirani wakaona ni dalili njema ya mimba, wakatabasamu.

Ilimkuta Jumapili mchana. Mume wake alikuwa ameitwa kazini, lifti ya jengo moja imesimama na watu ndani. Kioo alikuwa jikoni na mama, anapangusa vyombo, kikombe cha chai ya jioni kimewahishwa na kuwekwa mbele yake kwa sababu mama alitaka kwenda kuona mgonjwa. Alikiinua. Harufu ya kitambaa kinachoungua ikaja kwa nguvu, ikamjaa kichwani. Alitaka kusema "mama", na hakujua kama alisema.

Alipozinduka alikuwa amelala ubavu sakafuni. Chini ya kichwa chake palikuwa na kanga iliyokunjwa. Viti vilikuwa vimesogezwa ukutani, vipande vya kikombe vimefagiliwa pembeni, na kola ya gauni lake imelegezwa. Mama mkwe alikuwa ameketi sakafuni nyuma yake, mkono mmoja umemshika bega asigeuke chali, anamwita taratibu. Hakuwa analia. Hakuwa ameita jirani.

Kioo alikaa hivyo kwa muda, ulimi unamuuma, mwili mzito kama gunia lililoloa. Kisha jambo moja likamwingia akilini polepole.

"Mama, hukupiga kelele."

"Nipige kelele za nini? Wewe si wa kwanza kuanguka mbele yangu."

"Wa kwanza nani?"

Mama alimfuta mate kwa ncha ya kitambaa. "Dada yangu. Yeye wenzetu walimtia kijiko mdomoni, wakamvunja jino. Nikaapa sitaacha mtu afanyiwe hivyo tena."

Kioo alijaribu kuinuka, mama akamkandamiza bega. "Tulia. Bado."

"Ulijua," Kioo alisema.

"Tangu mwaka wa kwanza. Ulikuwa unaoga, nikaenda kutafuta miwani ya kusomea kwenye mkoba wako, si unazo nyingi? Nikafungua kasha. Vile vidonge ningevitambua hata gizani. Vilikaa kwenye kabati letu utoto wangu wote."

"Na hukusema kitu."

"Na wewe ulisema?" Sauti ya mama ilipanda, kisha ikashuka. "Nilingoja. Nikasema labda kesho wataniambia. Kila siku nikisikia bomba linafunguliwa bafuni nasema, haya, anameza, na mimi najifanya kiziwi. Dada yangu alianguka bafuni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mpaka tumeuvunja, alikuwa amekwisha."

Kioo alielekeza macho kwenye mlango wa bafuni, ule wenye matundu ya misumari.

"Hata huyu mwanangu hajui," mama aliendelea. "Aliambiwa ni ajali. Marehemu baba yake alisema, ikijulikana kwenu kuna ugonjwa huo, watoto wetu hawataoa wala kuolewa. Basi nikafunga mdomo. Nilipokuona wewe nikasema, huyu Mungu amenirudishia, safari hii sitakaa mikono mitupu. Nikaenda sokoni, nikamweleza yule mwanamke ugonjwa bila kutaja jina la mtu, akanichanganyia. Nikasema nikikuambia ni ya kuanguka, utajua kwamba najua. Nikasema tu itakuweka sawa."

"Sisi tulidhani ni ya mtoto."

Mama alimtazama kama aliyetukanwa. "Mtoto? Mtoto mtapata mkitaka. Mimi nilikuwa nahangaikia roho yako."

Hapo Kioo akalia. Alilia kwa uchovu na kwa hasira pia, maana mwaka mzima alikuwa amejibana ndani ya nyumba hii kama mtu anayejificha, kumbe mama aliyekuwa akimkwepa naye alikuwa amejificha nyuma ya mlango uleule. Na ilimbidi aseme lililobaki. Akalisema kwa upole alioweza, bado amelala sakafuni: kwamba amepimwa damu, kwamba dawa imepungua, kwamba daktari anaona chai hii ndiyo inayogombana nayo. Kwamba kwa miaka mingi hakuwa ameanguka, mpaka alipoanza kunywa.

Mkono uliokuwa begani uliinuka.

Mama aliinuka kwa kushikilia meza, akachukua birika, akasimama nalo katikati ya jikoni kama hajui pa kuliweka.

Fundi lifti alirudi jioni akiwa na furaha, watu wake wote wametoka salama, akawakuta wanawake wawili wamekaa mezani. Mama akamwonyesha kiti.

"Kaa. Mke wako ameanguka leo."

"Ameanguka vipi? Ameteleza?"

"Usinichezee akili, wewe. Ameanguka."

Alimtazama mke wake, akamtazama mama yake. "Mama, nilitaka kukuambia. Ile siku ya..."

"Ile siku ya nyaya. Nilijua. Nikasema leo anasema, nikaweka kijiko chini. Ukanipa somo la lifti." Kisha, bila kubadilisha sauti, mama akamwambia juu ya dada yake, habari yote, mlango na jino na ajali isiyokuwa ajali. Mwanamume yule mzima alifunika uso kwa viganja vyake vyenye grisi, akakaa hivyo. Kioo hakumshika mkono. Hakuwa na nguvu ya kumsamehe siku hiyo.

Walikwenda kliniki wote wawili, Kioo na mama mkwe. Mama alivaa nguo zake za kwenda msibani, akabeba mfuko mzima wa chai, akautua juu ya meza ya daktari kabla ya salamu.

"Angalia mwenyewe. Sikumlisha sumu."

Daktari alifungua, akachota kidogo, akanusa, akachambua kwa kalamu. "Sijasema ni sumu, mama. Nafaka naiona. Haya mengine siyajui, na nikibahatisha nitakuwa mwongo. Ninachojua ni damu yake ilivyokuwa kabla, na ilivyo sasa."

"Dada yangu naye alikunywa," mama alisema. "Ya kwetu nyumbani, tuliichuma wenyewe. Asubuhi kidonge, halafu chai. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea kikombe." Akakaza midomo. "Sasa wewe unataka kuniambia nini?"

Kioo alielewa kwamba swali hili ndilo lililomfanya mama avae nguo zile. Daktari naye aliona. Alivaa viatu vyake chini ya meza, akakaa sawasawa.

"Siwezi kukuambia kilichomuua dada yako. Kuna watu wanameza dawa vizuri kabisa na bado wanaanguka. Sikuwepo, sikumpima. Sitakudanganya ili ulale vizuri."

"Basi nitalala vibaya," mama alisema.

"Ulikuwa na umri gani?"

"Mdogo. Nilikuwa sijaota meno yote ya ukubwa."

"Mtoto aliyetumwa kikombe alipeleka kikombe, mama."

Mama aligeuza uso upande wa dirisha. Daktari alimwacha kidogo, kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, "Na wewe? Una dawa unazomeza?"

"Za presha tu."

"Na chai hii unakunywa?"

"Mimi? Naonja tu, nijue kama imekolea."

"Kila siku?"

"Utapikaje kitu usichokionja?"

Daktari alichukua kifaa cha kupimia presha, akamkunjia mkono wa gauni.

Chai iliachwa. Damu ya Kioo ilichukua muda kurudi ilivyokuwa, na katika muda huo alianguka mara nyingine, chumbani, mume wake akiwepo. Mwanamume yule alifanya kama alivyofundishwa na mama yake, ubavu na kanga na kungoja, na alipomaliza alitoka nje akatapika. Kioo alimheshimu kwa hilo kuliko kwa ahadi zake zote.

Kwa bosi alikwenda kusema mwenyewe. Alisimama mbele ya kaunta, akasema jina la ugonjwa bila kuuzungukia. Bosi alivua miwani ya usoni, akatafuta ya kichwani, akazishika zote mbili mkononi. "Kwa hiyo siku ile ya kuku..." alisema, akaona aibu. Akamhamishia mbele, kwenye fremu na skrubu na mchanga wa moto, mpaka daktari atakaporuhusu. Kioo alishukuru, huku akijua kwamba wenzake wa chumba cha nyuma wameshaanza kunyamaza akiingia.

Nyumbani siri ilikwisha, lakini macho hayakwisha. Sasa mama alimletea kidonge mwenyewe kwenye kisahani, na glasi ya maji, akaketi ng'ambo ya meza.

"Fungua mdomo nione."

"Nimemeza, mama."

"Inua ulimi."

Akaanza na kumsindikiza kazini. Walitembea wameshikana mikono mpaka dukani, na mama hakurudi. Alikaa kwenye kiti cha wateja siku nzima, mkoba mapajani, anajaribu fremu moja baada ya nyingine, na kila Kioo akiinama kuokota skrubu, mama anasimama. Wateja walimdhania mama wa bosi. Bosi alianza kumvuta Kioo pembeni na kumwuliza kwa adabu, mama huyu atakaa mpaka lini.

Kioo alivumilia wiki ya kwanza kwa sababu ya dada yule ambaye hakumjua. Ya pili akavumilia kwa sababu ya deni la ile kanga chini ya kichwa chake. Ya tatu akajikuta anapumua kwa kifua kidogo kama zamani, zile asubuhi za birika, na akaogopa kwamba atazeeka hivyo, akipitishwa kutoka jicho hadi jicho, akishukuru.

Asubuhi moja mama alikuwa mlangoni anavaa viatu. Kioo alichutama mbele yake, akamshika miguu yote miwili, kiatu kimoja kimeshaingia.

"Mama, leo naenda peke yangu."

"Ukianguka barabarani?"

"Nitaanguka barabarani. Watu watanigeuza ubavu, au hawatanigeuza."

"Unasikia unavyosema?"

"Nasikia. Na kidonge nitameza mwenyewe kuanzia kesho. Ukitaka kujua, niulize, nitakujibu kweli. Lakini usinikalie tena, mama. Nilikuwa sipumui kwa kukuficha, sasa sipumui kwa kuwa unajua."

Mama alimtazama, machozi yamemjaa. Alitaka kusema kitu kikali, ilionekana shingoni mwake. Kutoka chumbani mwanawe alitokea, shati halijafungwa vifungo, na Kioo akajiandaa kusikia habari za subira.

"Mwache aende, mama," fundi lifti alisema. Safari hii alimaliza. "Nami naogopa kama wewe. Mwache."

Kisha mama akaupokonya mguu wake, akakivua kile kiatu kimoja, akakitupa chini ya kiti. "Nendeni huko wote," alisema, akaingia jikoni, na vyombo vikaanza kugongana.

Kioo alishuka ngazi ameshika ukuta. Huko chini barabara ilikuwa imejaa watu wanaowahi kazini, hakuna aliyemjua wala aliyemtazama. Alitembea upande wa ndani wa njia, mbali na magari, anasikiliza kama ile harufu itakuja. Haikuja. Dukani alifika amechelewa, bosi akachungulia nyuma yake kuona kama mama anafuata, asimwone, akampa trei ya fremu za asubuhi bila kuuliza kitu. Kulikuwa na mzee anangoja, miwani inamteleza puani. Kioo akavuta kiti, akaanza kupasha mchanga moto.